VIFARU VYA BOVINGTON (3): Watu Wanane Ndani ya Chuma

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mahandaki ya Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa pande zote mbili wamekwama kati ya seng'enge na bombomu. Leo nilikusudia kueleza jinsi Ujerumani ilivyojibu ujio wa kifaru. Lakini picha zinazotufikia kutoka Ukraine zimenigeuza njia: vifaru vya bei kubwa vinatembea vimefunikwa matundu ya nondo kujikinga na droni, na watu wananiuliza kama zama za kifaru zimekwisha. Nitajibu, ila sharti kwanza tupite Bovington.

Bovington ni kambi iliyoko Dorset, kusini mwa Uingereza, ambako wanajeshi wa vifaru wamekuwa wakifunzwa tangu 1916. Vita Kuu hiyo ilipokwisha, vifaru vilirudishwa pale kwa wingi, vingi vikingoja kukatwakatwa viwe chuma chakavu. Husimuliwa kwamba mwandishi Rudyard Kipling alipotembelea kambi hiyo mwaka 1923 ndiye aliyeshauri vilivyobaki vihifadhiwe katika makumbusho. Umma ulianza kuingia 1947, na leo makumbusho hayo yana magari ya kivita karibu 300.

Humo kuna kifaru kiitwacho Little Willie, kilichoundwa mwaka 1915 mjini Lincoln na kampuni ya William Foster, kazi ya akina William Tritton na Walter Wilson. Hakikuwahi kupigana. Kuna pia Mark I, kifaru kamili pekee cha aina hiyo kilichobaki duniani.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye jina. Kwa Kiingereza kifaru huitwa "tank", yaani tangi, kwa sababu ya siri: kiwandani ilisemwa kwamba kinachoundwa ni matangi ya kubebea maji kwa jeshi lililokuwa Mesopotamia. Vingine viliandikwa kwa Kirusi kana kwamba vinapelekwa Petrograd. Jina lao lilizaliwa katika hila. Letu lilizaliwa katika kutazama: ngozi nene, pembe mbele, na mwendo usiojali kichaka wala shimo. Sijui lugha nyingine iliyokipa chombo hiki jina linalokifaa kuliko hili. Hata hivyo jina letu nalo linaficha jambo. Kifaru wa porini ana uhai wake mwenyewe. Wa chuma hana. Uhai uliomo ni wa watu.

Ndani ya Mark I walikaa wanane. Chombo kilikuwa na uzito wa tani 28, injini ya Daimler yenye nguvu za farasi 105, na mwendo wa kilomita sita kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi basi. Injini ilikaa katikati ya chumba kilekile cha wanajeshi, bila ukuta wowote. Joto lilipanda hadi nyuzi 50, moshi wa injini ukawalevya, wengine wakazirai au kutapika. Kukata kona kulihitaji watu wanne: dereva, kamanda aliyeshika breki, na wawili nyuma wa kubadili gia za minyororo ya kila upande. Kwa kuwa kelele zilimeza sauti ya mtu, waliitana kwa kugonga chuma na kwa ishara za mikono. Risasi zilipopiga nje, vibanzi vya chuma vilibanduka ndani, ndiyo maana baadaye walipewa vinyago vyenye pazia la vipete vya chuma usoni. Habari walizituma kwa njiwa, aliyesukumwa nje kupitia tundu dogo.

Asubuhi ya Septemba 15, 1916, huko Flers na Courcelette katika vita vya Somme, vifaru 49 vya aina hii vilipangwa kushambulia. Ni 32 tu vilivyofika mahali pa kuanzia. Vilivyosalia viliharibika au kukwama njiani, na watu wake wamo.

Na Ukraine? Uingereza ilipeleka vifaru 14 vya Challenger 2, na Marekani 31 vya Abrams. Baadhi vimeteketea. Lakini mwaka 1973, makombora ya askari wa miguu wa Misri yalipoviunguza vifaru vya Israel jangwani Sinai, dunia ilisema vilevile kwamba kifaru kimekufa. Hakikufa. Kiliongezewa deraya, na hadi leo hakikosi watu wa kukipanda. Hilo ndilo jibu langu, na halinifurahishi.

Wageni wengi wa Bovington hukimbilia Tiger 131, kifaru cha Wajerumani kilichotekwa Tunisia Aprili 1943, ambacho bado kinatembea. Kinastahili kutazamwa. Lakini mtoto anayepigwa picha mbele yake bila kuelezwa aliyekaa ndani alikohoa nini na aliogopa nini, amefundishwa kupenda chuma. Mzazi aliyempeleka ana deni la kumweleza.

Nasi deni letu liko karibu zaidi. Katika Vita vya Kagera, 1978 na 1979, vijana wa Tanzania waliingia Uganda wakiwa na vifaru, na hao sasa ni wazee. Ukiwa na baba, mjomba au jirani aliyeendesha kifaru, aliyekipakia risasi au aliyekitengeneza njiani, kaa naye wiki hii na uandike anayosema: joto, kelele, hofu, na majina ya wenzake ambao hawakurudi.