Hamasa haijazi fomu

Ukisoma sekondari Ifakara, sayansi huwezi kuikwepa. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi, na leo tafiti zake za mbu na malaria zinasomwa dunia nzima. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ipo mjini hapo hapo, na chuo kikuu kishiriki kinachofundisha madaktari pia kipo. Bado unaweza kupita mbele ya mageti hayo miaka minne bila mtu kukwambia kwamba ukichagua CBG badala ya PCB, udaktari wa binadamu umeuaga. Shahada ile inataka Fizikia ya kidato cha sita. Wewe umeikimbia Fizikia kwa sababu ni ngumu, ukajifariji kwamba Biolojia na Kemia bado unazo. Utagundua miaka miwili baadaye. Na tangu tahasusi zifike 65 mwaka 2024, njia za kupotea zimeongezeka.

Shule nyingi hulitibu tatizo hili kwa siku ya hamasa. Anakuja mgeni aliyefanikiwa, anasimulia alivyotembea peku kwenda shule, makofi, soda, kwaheri. Je, inasaidia?

Wachumi wawili wa Marekani, Scott Carrell na Bruce Sacerdote, walilipima jambo hili katika jimbo la New Hampshire. Waliwachukua wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari waliokuwa wamechelewa kuomba vyuo, wakachagua kwa bahati nasibu nani asaidiwe na nani abaki wa kulinganishia. Wasaidizi walikuwa wanafunzi wa chuo cha Dartmouth, ambao walikwenda shuleni kila wiki, wakakaa na mwanafunzi, wakajaza naye fomu mpaka zikaisha. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yanaonyesha kuwa wasichana waliosaidiwa hivyo waliingia chuo kwa wingi zaidi na wakabaki huko. Kuwapa watu taarifa peke yake, au zawadi ya fedha peke yake, hakukuleta tofauti. Kwa wavulana hata usaidizi haukufanya kitu. (Nikimwangalia kijana wa hapa aliyekwisha kupata bodaboda ya hesabu, nadhani naelewa kwa nini.)

Utafiti mwingine, wa mwaka 2012, ulihusu fomu ya msaada wa ada. Familia zilizosaidiwa kuijaza, watoto wao waliomaliza walau miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Familia zilizopewa maelezo tu hazikusogea.

Sasa rudi Kilombero. Fomu ya Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mdhamini, saini ya serikali ya mtaa au kijiji, na muhuri wa wakili au hakimu. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa liwe lile lile la cheti cha kidato cha nne. Herufi moja ikipotea, unaanza safari ya hati ya kiapo. Namba ya kidato cha nne uliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo uombee mkopo. Yote haya huja katikati ya mwaka, wakati mzazi huenda bado yuko shamba anavuna mpunga, analala kwenye dungu, simu haina chaji. Na wewe pengine uko JKT. Hapo hakuna kitu kigumu kichwani. Kuna vitu kumi vidogo vinavyomtaka mtu mmoja anayejua kipi kinatangulia.

Mtu huyo si lazima awe profesa. Mimi ningemchagua dada wa mwaka wa pili aliye likizo nyumbani, ambaye karatasi hizi alizihangaikia juzi tu na anakumbuka alikwama wapi. Anajua pia kwamba stashahada ya utabibu inaanzia kidato cha nne, ukiwa na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na kwamba tangu mwaka 2023 Bodi inakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wa afya wakiwemo. Kwa familia isiyoweza kungoja miaka miwili ya kidato cha tano na sita, habari hiyo ni kubwa kuliko hotuba yoyote.

Kwa hiyo kama wewe ndiye wa chuo na umeshuka Ifakara likizo, usiombe dakika ishirini za kuongea paredi. Mwombe mwalimu wa taaluma majina ya wanafunzi watatu tu, halafu kaa na kila mmoja mpaka akibonyeza "tuma". Kama wewe ndiye wa sekondari, mtafute huyo mtu mapema, kabla ya matokeo. Na mkienda stesheneri kujaza, hakikisha namba ya simu na barua pepe vinavyoandikwa ni vyako. Yule kijana wa stesheneri akiweka vya kwake, siku ukisahau nywila itabidi umsake yeye kwanza.