Germaniamu ya Lubumbashi: madini yanayozibia joto njia

Kwa miaka mingi, wakaaji wa Lubumbashi waliangalia kilima cheusi cha terril, kando ya kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, kama takataka tu. Mwezi wa kumi 2024, kampuni ya serikali Gécamines ilitangaza kwamba germaniamu iliyotolewa ndani ya takataka hizo imeanza kusafirishwa Ubelgiji, kwa kampuni Umicore.

Germaniamu hutumika kwenye nyaya za intaneti na vyombo vya kuonea gizani. Kazi yake nyingine haisemwi sana: kuzuia joto lisipite.

Shaba ya Katanga hupitisha joto haraka sababu elektroni zake zinatembea huru na kulibeba. Kwa kipimo cha wanafizikia, wati kwa kila mita na kila digrii, shaba inapata karibu 400. Silikoni, ile semikondakta ya ndani ya simu, ina elektroni huru chache sana. Humo joto linabebwa na mtikisiko: atomi moja ikitikisika, inasukuma jirani yake. Silikoni safi inapata karibu 150, germaniamu safi 60. Mtu angetegemea mchanganyiko wa hizo mbili uwe hapo katikati. Hapana. Aloi yao inayotumiwa kutoa umeme inashuka hadi karibu 5.

Sababu ya kwanza ni uzito. Atomi moja ya germaniamu inashinda ya silikoni uzito mara mbili na nusu. Nzito na nyepesi zikichanganyika ovyo, mawimbi mafupi ya mtikisiko yanagonga na kutawanyika. Mawimbi marefu yanapita tu, kama vile lori kubwa lisivyojali shimo linaloangusha chukudu.

Kwa hayo marefu, kizuizi ni elektroni. Mafundi wanatia fosforasi kidogo, nayo inaleta elektroni nyingi. Kweli, elektroni hizo zinabeba joto kidogo zenyewe, lakini zinagongana na mawimbi marefu na kuyatawanya. Watafiti Steigmeier na Abeles, wa maabara ya RCA huko Marekani, walilieleza jambo hilo mwaka 1964.

Faida yake ni umeme. Kipande cha aloi hiyo kikiwa na moto upande mmoja na baridi upande wa pili, kinatoa umeme bila mashine yoyote kuzunguka. Joto likipita haraka, pande mbili zinalingana na umeme unakufa. Ni vipande vya namna hiyo, vinavyopashwa joto na plutoniamu, vinavyoendesha Voyager 1 na Voyager 2, vyombo vya anga vilivyorushwa 1977. Kila kimoja kilianza na wati karibu 470, kinapoteza karibu 4 kila mwaka, na hakuna chombo kingine cha binadamu kilichofika mbali kama Voyager 1.

Kinachotoka Lubumbashi kwa sasa si aloi, wala germaniamu safi. Ni konsentreti, na kazi ya kuisafisha inafanywa Ubelgiji.