Je, Wajua? Jina Shirazi Latokana na Mji

Jina la ukoo Shirazi linatokana na Shiraz, mji wa kusini mwa Iran. Huku kwetu Merigi, Kenya, "arap" ("mwana wa") katika jina humtaja baba. Lakini Shirazi hutaja mahali, na jina hilo limeacha alama katika pwani ya Afrika Mashariki:

• Simulizi za Kilwa, mji wa kale wa pwani ya Tanzania, zinasema Ali bin al-Hassan, mwana wa mfalme wa Shiraz, ndiye aliyeanzisha usultani wa Kilwa. Jina lake limo kwenye sarafu ndogo za shaba.

• Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, unaohusishwa na Washirazi, una maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) yaliyochongwa kwenye jiwe la kibla. Ni ya mwaka 1107.

• Mwaka 2023, vinasaba vya mifupa ya kale kutoka miji ya pwani ya Manda, Mtwapa na Kilwa vilionyesha akina baba wengi Waajemi (watu wa Iran) na akina mama wengi Waafrika.

• Jina hilo liliingia hata kwenye siasa: mwaka 1977, chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar kiliungana na TANU, chama cha Tanzania Bara. Kikazaliwa chama cha CCM.