Samaki wa Kufugwa Pamoja na Mboga: Ruhusa, na Mahali pa Kuwapata

Watu wengi siku hizi hufuga samaki katika tangi uani, na maji ya samaki huyapitisha penye mboga, kisha yakarudi tangini. Kazi hii ni njema, kwa maana vijidudu visivyoonekana hugeuza uchafu wa samaki ukawa chakula cha mchicha. Lakini kabla ya kutia samaki hata mmoja, yampasa mfugaji ajue ni samaki gani, naye ametoka wapi.

Katika Tanzania wafaao ni sato na kambale, nao hukua vema maji yakiwa na joto la digrii 25 hadi 30. Kambale huweza kuvuta hewa juu ya maji, hivyo huyavumilia maji mabaya. Ila tangi lisipofunikwa, atatoka usiku wa mvua aende zake. Tena wakubwa huwala wadogo.

Wengine husema, "Mto u karibu, ya nini kununua vifaranga?" Avuaye mtoni huokota samaki asiowajua, pengine na maradhi yao. Bora ununue katika kituo cha Serikali, kama kile cha Kingolwira karibu na Morogoro, au kwa mzalishaji anayetambuliwa na Afisa Uvuvi wa wilaya yako. Uliza sato madume matupu: hukua upesi kuliko majike, wala hawazai hata tangi likajaa samaki wadogo wasiofaa kuliwa. Stakabadhi uitunze.

Afisa huyo umwendee kwanza, akueleze vibali vitakiwavyo chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Usilete samaki hai kutoka nchi nyingine pasipo kibali. Na ukitaka kuvuta maji ya mto, uombe ruhusa kwa Bodi ya Maji ya bonde lako.

Haya si usumbufu wa bure. Sato si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950, na ngege, aliyekuwa kitoweo cha watu wa huko, akawa haba sana. Katika mito ya mashariki sato waliotoroka wamezaana na perege wa asili, na mbegu ile safi ikisha kuchanganyika hairudi. Basi weka wavu wa matundu madogo penye mfereji wa kutokea maji, na samaki usiowataka usiwamwage kijitoni. Wale, au uwape kuku.

Siku ya kuwachukua, nenda alfajiri. Ufikapo, ueleze mfuko juu ya maji ya tangi robo saa bila kuufungua, joto lilingane, ndipo uwaache watoke wenyewe.