Mama Anagombea Kwa Nini?

Wajukuu zangu, mkitoka Bagamoyo kwa barabara ya Msata mtapita Kiwangwa. Hamtapotea. Mananasi yamepangwa kando ya lami, na gari likipunguza mwendo tu, wauzaji wameshafika dirishani. Leo lakini nawapeleka nyuma kidogo ya hizo meza za mananasi, hadi ofisi ya kijiji, kwenye mbao za matangazo na muhuri ambao wazazi wenu huufuata wanapohitaji barua ya utambulisho.

Muhuri huo msiudharau. Kijiji kina halmashauri yake, wajumbe 15 hadi 25, na sheria inataka angalau robo yao wawe wanawake. Hao ndio wanaozungumzia kisima kilichokauka, choo cha shule na ng'ombe walioingia shambani. Zaidi ya yote, wanazungumzia ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Sheria hiyohiyo inasema haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sasa fikirini Kiwangwa, mahali ambapo ekari moja ya mananasi inasomesha mtoto, na wanunuzi wa mashamba wanatoka hadi Dar es Salaam. Mjane anaposimama mbele ya kikao kusema shamba lile alilima na marehemu mumewe, ni nani aliyekaa kwenye viti vile? Jibu la swali hilo linaweza kumwachia shamba au kumnyang'anya.

Basi, watu huvitafuta viti hivyo kwa nini? Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara wa mwezi. Anayelipwa mshahara ni mtendaji, kwa sababu yeye ni mwajiriwa. Mwenyekiti huamshwa usiku watu wakigombana, na asubuhi shamba lake linamsubiri.

Wanaume wengi, ukiwauliza, watasema wanapenda uongozi, au walianza kwenye chama tangu ujana, na leo uenyekiti, kesho udiwani. Wanawake wengi huingia kwa mlango mwingine. Tuseme mama ameamka alfajiri, amebeba ndoo, amekuta bomba halitoi maji. Anarudi na ndoo tupu. Wiki ijayo ni hivyohivyo. Anaanza kuuliza: fedha za matengenezo ziko wapi, nani ana kitabu cha mapato? Anaingizwa kwenye kamati ya maji, halafu kamati ya shule, halafu kikundi cha kuweka na kukopa kinampa daftari alitunze, kwa kuwa hesabu zake hazina shaka. Ipo siku wenzake watamwambia: mwenzetu, chukua fomu.

Msidhani nasema wanawake wana huruma na wanaume wana tamaa. Sivyo. Wako wanaume walioingia kwa ajili ya kisima kilekile, na mwanamke naye ana haki ya kutaka cheo kwa kuwa anajiona anakiweza. Kijana wa kiume akisema anataka kuongoza, anasifiwa. Binti akisema maneno hayohayo, anaulizwa ataolewa na nani. Hilo linaniumiza.

Na kule kuambiwa "chukua fomu" kuna uzito. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipokuwa kichanga, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Hapo ndipo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam, alipoombwa kuwakusanya. Alikusanya maelfu. Uwezo ule alikuwa nao siku zote, ila hakuna aliyekuwa amemwomba. Huko Marekani nako, watafiti Jennifer Lawless na Richard Fox walihoji wanaume na wanawake wenye sifa zinazolingana. Wanawake waliojiona wanafaa kugombea walikuwa wachache zaidi, na walioombwa na wengine wagombee walikuwa wachache pia.

Kwetu, katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wanawake walipata uenyekiti wa vijiji kwa asilimia 2.1 tu. Ile robo ya halmashauri sheria inailinda, lakini kiti cha mbele hakilindwi na chochote. Mgombea lazima apitie kwenye chama, azunguke vitongoji, akae vikao vinavyoisha jua limezama. Nyumbani nako chungu kinamsubiri. Kwa hiyo msiniambie wanawake hawataki. Niulizeni kwanza siku hiyo nani amepika, nani amekaa na mtoto. Mume anayesema "nenda kikaoni, mimi nipo" anafanya kazi ya kijiji pia.

Ninyi mna nafasi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mkifika umri huo nendeni, ulizeni mapato na matumizi, na mkimwona mama anayefaa, mwambieni achukue fomu. Uenyekiti hugombewa kuanzia miaka 21. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024, na kipindi ni miaka 5. Binti aliyezaliwa Kiwangwa mwanzoni mwa 2008 atakuwa ametimiza umri wa kugombea uchaguzi wa 2029 utakapofika.