Kupatwa kwa Mwezi na Jua: Kutazama na Kupiga Picha Kutoka Kinondoni

Kupatwa kwa mwezi hutokea pale mwezi mpevu unapoingia ndani ya kivuli cha dunia. Kupatwa kwa jua hutokea upande wa pili wa mzunguko wa mwezi, siku ambazo mwezi hauonekani kabisa kabla ya kuandama, pale unapopita katikati ya dunia na jua. Kama njia ya mwezi ingelala sambamba na ile ya dunia, matukio haya mawili yangetokea kila mwezi. Lakini njia hiyo imeinama kwa takribani nyuzi 5, hivyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli, na kivuli chake wenyewe huikosa dunia. Ni katika vipindi viwili tu vya mwaka, takribani miezi sita mbali, ndipo jua, dunia na mwezi hukaa kwenye mstari mmoja.

Kati ya matukio hayo mawili, kupatwa kwa mwezi ndiko kunakomfaa zaidi mkazi wa Dar es Salaam, na inasikitisha kwamba ndiko kunakopewa uzito mdogo. Huonekana na kila mtu aliye upande wa usiku wa dunia, hakuhitaji miwani, na hakuzuiwi na taa za mji. Mtu wa Mwananyamala au Magomeni aliyekwisha kukata tamaa ya kuona nyota kwa sababu ya taa za barabarani hukosa vingi vya angani, lakini mwezi uliopatwa haukosi. Paa la nyumba au uwanja wa mpira vinatosha. Wa pwani, kuanzia Coco Beach hadi Kunduchi, wana faida ya ziada: bahari iko mashariki, na mwezi mpevu huchomoza kutoka baharini karibu na wakati jua linapozama.

Usiku wa Jumapili, 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa, unaonyesha vizuri mambo yanavyokwenda. Mwezi ulipochomoza ulikuwa mzima. Kwa karibu saa nzima baadaye ulikuwa ndani ya kivuli hafifu, ambacho jicho hukitambua kwa shida: upande mmoja wa mwezi huonekana kama umefifia kidogo tu. Saa 1:27 usiku ukingo wake uligusa kivuli kikuu, na hapo pengo jeusi lenye ukingo wa mviringo likaanza kuula. Mviringo ule ni umbo la dunia yenyewe likionekana kwa macho, na ni moja ya hoja za mwanafalsafa Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba dunia ni duara. Kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, yaani dakika 82, mwezi mzima ulikuwa kivulini, ukiwa na rangi ya chungu cha udongo.

Rangi hiyo hutokana na anga ya dunia. Mwanga wa jua unaopita pembezoni mwa dunia hupindwa na hewa na kuingizwa ndani ya kivuli. Njiani rangi ya bluu hutawanyika, nyekundu ikabaki, kama inavyokuwa jua linapotua. Ndiyo maana hakuna kupatwa kuwili kunakofanana sawasawa. Baada ya mlipuko wa volkano ya Pinatubo nchini Ufilipino mwaka 1991, majivu na gesi zilizopanda juu sana angani ziliufanya mwezi uliopatwa Desemba 1992 uwe mweusi kupita kawaida.

Kwa Waislamu, usiku kama huo una ibada yake. Sala ya kupatwa huswaliwa kwa mwezi na kwa jua, na msingi wake unajulikana misikitini kote: Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, alipofariki siku ambayo jua lilipatwa, watu walidhani jua limeomboleza, na Mtume akawakataza kuamini hivyo, akaeleza kuwa jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo wala uhai wa mtu yeyote. Ni fundisho linaloendana vizuri na elimu ya anga, na wenye hofu ya mikosi hawana haja ya kulitafuta mbali.

Kupiga picha mwezi unaopatwa kunawezekana hata kwa simu, mradi mpiga picha ajue kasoro mbili za kifaa chake. Kwanza, lenzi pana ya simu huufanya mwezi kuwa nukta. Pili, simu ikiona giza kubwa linalouzunguka mwezi huongeza mwanga yenyewe, na mwezi hutoka kama doa jeupe lisilo na alama. Dawa ni kugusa mwezi kwenye kioo cha simu na kushikilia kidole mpaka ulengaji ujifunge, kisha kushusha mwanga hadi madoa ya mwezi yaonekane. Mwezi ukishaingia wote kivulini kanuni hugeuka: mwangaza wake hupungua maelfu ya mara, na sasa simu inahitaji hali ya usiku, ikiwa imefungwa kwenye stendi ya miguu mitatu au kuegemezwa kwenye tofali, na kipima muda cha sekunde chache ili kidole kisiitikise.

Mwenye kamera anaweza kukadiria ukubwa wa mwezi kwa hesabu rahisi: urefu wa lenzi kwa milimita ugawanywe kwa 110. Lenzi ya milimita 500 hutoa mwezi wa milimita 4.5 hivi kwenye sensa, lenzi ya 200 chini ya milimita 2. Kwa mwezi mzima, ISO 100, f/8 na sehemu ya 1/125 ya sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Kivuli kikishaufunika wote, ISO 1600 na sekunde nzima si nyingi. Zaidi ya hapo mwezi wenyewe, unaosogea angani bila kukoma, hutoka na ukungu kwenye lenzi ndefu. Walio ufukweni wawe na kitambaa laini, kwa kuwa hewa ya bahari huacha unyevu wenye chumvi kwenye kioo cha lenzi, na picha huharibika kabla mpigaji hajajua.

Lenzi ndefu si lazima. Usiku wa 27 Julai 2018, katika kupatwa kwa mwezi kurefu kuliko kote katika karne hii, dakika 103 kamili kivulini, sayari ya Mirihi ilikuwa karibu na mwezi na iking'aa kwa wekundu wake. Picha pana yenye vyote viwili, na mnara au mnazi chini yake, ilikuwa na maana zaidi kuliko mwezi uliokuzwa peke yake.

Jua ni habari nyingine. Kivuli kikuu cha mwezi juu ya dunia ni chembamba, kwa hiyo mahali pamoja panaweza kukaa mamia ya miaka bila kupitiwa. Tanzania ilipata kupatwa kikamilifu 16 Februari 1980, kivuli kilipoivuka nchi na kuingia kusini mwa Kenya. Kisha 1 Septemba 2016 kukawa na kupatwa kwa jua kipete: mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, na pete ya moto ikabaki kuuzunguka. Watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, ambako pete ilidumu dakika zipatazo 3 karibu na saa 6 mchana. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho makao makuu yake yako Kinondoni, alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioufafanulia umma tukio hilo.

Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Rujewa, ilipata kupatwa kwa sehemu tu. Mchana ulififia lakini giza halikuingia, na hapo ndipo hatari ilipo. Kipande kidogo cha jua kinatosha kuunguza retina, na retina haina mishipa ya maumivu, hivyo mtu hajui ameumia mpaka baada ya saa kadhaa. Miwani ya jua ya kawaida, filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, CD na beseni la maji havikingi macho. Kioo cha fundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14, lakini vinavyotumika gereji nyingi ni 10 au 11, navyo havitoshi. Miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu, ndiyo ya kutegemewa.

Asiye na miwani alipe jua mgongo. Mwanga unaopenya katikati ya majani ya mwarobaini hutandaza chini duara nyingi ndogo siku zote, ingawa ni wachache huziangalia. Jua linapopatwa, kila duara hugeuka hilali. Chujio la plastiki la jikoni, lenye matundu ya mviringo, hufanya kazi hiyohiyo juu ya karatasi nyeupe. Kwa watoto wa shule hakuna njia bora kuliko hii, na hilali hizo hupigika picha kwa simu yoyote bila hatari.

Anayetaka picha ya jua lenyewe lazima afunge kichujio cha jua mbele ya lenzi, kamwe si nyuma yake. Kuvaa miwani ya kupatwa kisha kuchungulia kwenye darubini ni kosa baya kuliko yote, kwa sababu darubini hukusanya joto na kuichoma miwani pamoja na jicho. Katika kupatwa kikamilifu pekee, kwa zile dakika jua lote limefunikwa, ndipo kichujio huondolewa. Wakati wa pete hakiondolewi hata sekunde moja.

Mawingu ndiyo yanayoamua mengi. Pwani ya Dar es Salaam huwa na anga safi zaidi Juni hadi Septemba, na ni bahati kwamba matukio ya 2016, 2018 na 2025 yaliangukia miezi hiyo. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kuanzia Hispania kupitia Misri na Saudi Arabia hadi ncha ya Somalia, na Dar es Salaam italiona limepatwa kwa sehemu mchana. Jioni ya 31 Desemba 2028 mwezi utachomoza baharini ukiwa tayari umeliwa, na kuwa kivulini wote kuanzia saa 1:16 hadi saa 2:28 usiku. Mei 2031 njia ya pete itapita tena juu ya Tanzania.