Majuli, Kisiwa Kinacholiwa na Mto

Mto Brahmaputra ukishashuka kutoka Tibet na kuingia Assam, kaskazini mashariki mwa India, hutanuka na kugawanyika mikondo mingi iliyojaa mchanga wa Himalaya. Kati ya mikondo hiyo kipo Majuli, kisiwa cha mashamba ya mpunga chenye wakazi zaidi ya 160,000. Zamani palikuwa ukanda wa nchi kavu kati ya mito miwili, mpaka Brahmaputra ulipohama njia yake na kuuzunguka. Mwaka 2016 Majuli ilifanywa wilaya, ya kwanza nchini India kuwa kisiwa cha mtoni.

Mto uliokiumba ndio unaokila. Tarehe 15 Agosti 1950 tetemeko la ukubwa wa 8.6 liliporomosha milima ya jirani, mchanga ukashuka na kuinua kitako cha mto. Tangu hapo maji ya mvua za monsuni hukata kingo kwa kasi, na kisiwa kilichowahi kuzidi kilomita za mraba 1,200 kimebaki chini ya nusu yake. Kwa hiyo watu wa hapa wamelea mila ambazo mtu anaweza kuzitwaa akahama nazo, na hilo ndilo linalonivutia kwao kuliko ukubwa wa kisiwa unaosifiwa na watalii.

Tazama nyumba za Wamising, jamii kubwa kisiwani. Husimama juu ya nguzo, sakafu na kuta zake zikiwa za mianzi. Uvunguni hukaa nguruwe, kuku na vitanda vya kufumia, ambako wanawake hufuma nguo za nyumbani. Maji yakija, mifugo na vyombo hupandishwa. Ukingo ukimong'onyoka, mianzi hufunguliwa na nyumba ikasimamishwa kwingine. Katikati ya Februari, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Fagun wa kalenda ya Assam, wao huadhimisha Ali-Aye-Ligang: wazee husia mbegu za kwanza, vijana hucheza ngoma ya gumrag, na apong, pombe ya mchele, hunywewa na wote.

Upande wa ibada, Majuli ni moyo wa mafundisho ya Sankardeva, mtakatifu na mtunzi wa karne za 15 na 16 aliyewaita watu wamwabudu Mungu mmoja, Krishna, kwa nyimbo na maigizo. Wafuasi wake walianzisha satra, nyumba za watawa. Mojawapo, Auniati, ilianzishwa mwaka 1653. Katika baadhi yake wavulana huletwa wakiwa wadogo, hulelewa na watawa wasiooa na kufundishwa ngoma ya sattriya, iliyotambuliwa mwaka 2000 kuwa miongoni mwa ngoma za asili za heshima za India. Satra nyingi zimelazimika kuhamia ng'ambo baada ya ardhi yake kuzama. Nyimbo zilihama pamoja na walioziimba.

Satra ya Samaguri ina kazi yake: vinyago vya kuigizia. Kiunzi cha mianzi huvikwa kitambaa kilicholoweshwa udongo, kikasilibwa kwa mchanganyiko wa udongo na samadi ya ng'ombe, kisha rangi. Mwezi Novemba, wakati wa sikukuu ya Raas, mashetani na ndege wakubwa hutembea jukwaani mpaka usiku wa manane. Mwaka 2024 vinyago hivyo vilipewa hati rasmi ya kulinda jina la mahali vinakotoka.

Wafinyanzi wa kijiji cha Salmora hawajaenziwa hivyo, nami naona wanastahili. Wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu, wanaume huvichoma kwa magogo yaliyookotwa mtoni, kisha huvipakia mitumbwini na kwenda kuvibadilisha kwa mpunga katika vijiji vya ng'ambo. Udongo wao huchimbwa kwenye kingo zile zile zinazomong'onyoka, na wamekatazwa kuchimba kwa hoja kwamba wanauharakishia mto kazi yake. Katazo hilo linawanyima riziki watu waliochimba hapo kwa vizazi vingi.